Kwanini UDSM inaitwa Mlimani wakati pale ni kilima tu? Jina hili alilitoa nani?

#1 Mtoto wa Msewe
Wakuu habari za jioni.

Jina rasmi wote tunalijua, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini huku nje nani analitumia? Watu wanasema "kasoma Mlimani", "Mlimani wamegoma", "huyo ni profesa wa Mlimani". Hata mtu wa Tunduma ambaye hajawahi kufika Dar akisikia Mlimani anajua unaongelea chuo gani.

Sasa hoja yangu ni hii, pale hakuna mlima. Mimi nimekulia Msewe, pale ni kilima, na hata kwenye ramani jina lake ni Observation Hill, yaani kilima. Kwa Kiswahili tulichofundishwa shuleni pangeitwa Kilimani. Kwahiyo naamini jina hili halikutoka kwa wasomi. Wasomi wa wakati ule walikuwa wanajiita kwa kizungu, The Hill, na wangekuwa wao ndio waliotafsiri wangetafsiri sawasawa. Mlimani ni jina la watu wa chini, wa mjini na mitaa ya jirani, wao ndio waliokuwa wanaangalia juu na kuona majengo meupe yako huko wakasema "wale wa mlimani".

Mwenye ushahidi tofauti aje nao. Karibuni.

#2 Bandidu wa Tandale
Nimewahi siti ya mbele. Wazee wa miaka ya sitini mje huku kuna swali lenu.

#3 Kibatari
Mkuu mbona jambo liko wazi, ni tafsiri ya The Hill tu. Wanafunzi walisema The Hill, waandishi wa magazeti ya Kiswahili wakaandika Mlimani, basi. Mwandishi wa habari akiwa na dakika kumi gazeti liende mtamboni hana muda wa kubishana na kamusi kama ni mlima au kilima.

#4 Bint Kilimani
Assalam alaykum. Mimi nipo Unguja na sisi tuna Kilimani yetu, pale penye maflati yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi. Palipoinuka kidogo tu sisi twaita kilima, ndio maana pakaitwa Kilimani. Dodoma kuna Kilimani, Nairobi kuna Kilimani. Kwahiyo kaka #1 swali lako ni zuri sana ila jibu lako mie naliona kinyume. Mtu wa pwani wa asili, Mzaramo au Mshomvi wa Dar, asingekiita kile mlima. Aliyekiita mlima ni mtu wa bara aliyekuja kusoma. Wanafunzi walitoka Bukoba, Moshi, Mbeya, Songea, huko kwao kila mwinuko ni mlima. Jina limetoka ndani ya chuo, halikutoka nje.

#5 Scania 113
Dada #4 heshima yako, lakini wewe na #1 mnabishana Kiswahili cha daftari. Mimi nimeendesha malori miaka mingi, nawaambia kwa dereva mlima ni sehemu yoyote inayokulazimisha kurudisha gia. Kitonga sio mlima kwa mtu wa jiografia, ni ukingo wa bonde, lakini hakuna dereva wala abiria wa njia ya Iringa asiyesema mlima Kitonga. Sekenke vilevile. Mbeya kuna Mlima Nyoka. Sasa chukua basi la UDA la enzi zile, limejaza mpaka mlangoni, linakata kona kuingia barabara ya Chuo linaanza kupanda, gari linalia, moshi mweusi nyuma. Unadhani konda na dereva wangesema tunapanda kilima? Walisema mlima na abiria wakafuata. Jina ni la watu wa magari, na Dar majina mengi ya vituo yametoka kwa makonda.

#6 Nyundo ya Fundi
Nchi hii bwana. Mlima wa mita 5,895 mrefu kuliko yote Afrika tumeuita KILIMAnjaro, halafu kilima cha Ubungo tumekiita MLIMAni. Kuna mtu alichanganya vibao 😂

#7 Mtoto wa Msewe
#6 umenichekesha mpaka chai imemwagika.

#4 dada hoja yako ya watu wa bara ni nzito, lakini hao wa bara walikuwa wanaongea nini wakiwa chuoni? Masomo Kiingereza, mabango Kiingereza, serikali ya wanafunzi Kiingereza. Kwanini jina la utani peke yake liwe la Kiswahili?

#5 mzee wangu shikamoo, hiyo ya gia naichukua, inanisaidia upande wangu.

#8 Kofia ya Kiua
Naona vijana mnakimbilia jina kabla ya kujua chuo kilianzia wapi. Hakikuanzia mlimani. Kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, miezi miwili kasoro kabla ya Uhuru, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, pale ni tambarare kabisa jirani na Mnazi Mmoja. Kilikuwa kitivo kimoja tu cha Sheria, wanafunzi 13, na digrii zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mkuu wa kwanza alikuwa Cranford Pratt kutoka Canada. Mwaka 1963 kikaingia kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Ndio mwaka 1964 wakahamia huko juu Observation Hill, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya mji. Kuwa chuo kikuu kamili kwa jina lake ni Julai 1, 1970, Msekwa akawa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza.

Kwahiyo jina haliwezi kuzaliwa kabla ya 1964. Na mnapoongelea kilomita 13 msizipime kwa Dar ya leo. Wakati ule Ubungo ilikuwa nje ya mji, ukimaliza Magomeni umeingia shamba. Mtu wa Kariakoo kwake kule kulikuwa mbali na juu. Neno mlimani lilibeba vyote viwili, umbali na urefu. Kilimani kusingebeba huo uzito, kilima ni kitu cha karibu, unacheza juu yake.

#9 Wakili Mnyonge
Mzee #8 asante kwa darasa, ila wanafunzi wa kwanza walikuwa 14 sio 13. Na mmoja wao alikuwa mwanamke, Julie Manning, ambaye baadaye akawa Waziri wa Sheria.

#10 Kofia ya Kiua
13 mwanangu. Ingia kwenye maelezo ya chuo chenyewe.

#11 Wakili Mnyonge
Shikamoo mzee wangu. Nimeingia, na nimekuta vitabu vingine vinasema 14. Julie Manning hatubishani lakini?

#12 Kofia ya Kiua
Marahaba. Julie Manning hatubishani.

#13 Wandegeya Boy
Majirani hamjambo. Mimi ni wa Kampala, Kiswahili changu mnisamehe kikipinda.

Hilo jina mmelichukua kwetu 😀 Makerere ndiyo The Hill ya kwanza. Chuo kilianza 1922 kama shule ya ufundi, juu ya kilima cha Makerere, na Kampala yote ni vilima, kila kilima na kazi yake: Mengo kwa Kabaka, Namirembe kwa Waprotestanti, Rubaga kwa Wakatoliki, Kibuli kwa Waislamu, Makerere kwa wasomi. Ukisema "yuko on the Hill" watu wanaelewa. Nyerere wenu alisoma kwetu, Mkapa alisoma kwetu. Walipofungua chuo Dar walimu na wanafunzi walikuwa wanazunguka kati ya vyuo vitatu kwa sababu kilikuwa chuo kikuu kimoja. Unadhani walienda na vitabu tu? Walienda na misemo pia.

Na sisi tuna majina mengi kuliko nyie. Jengo kuu linaitwa Ivory Tower, lile lililoungua Septemba 2020. Bweni la wasichana la Mary Stuart linaitwa Box. Lumumba Hall na Box wakiungana wanaitwa Lumbox, Africa Hall na Livingstone wanaitwa Afrostone. Hayo majina ukiuliza nani aliyatoa kila kizazi kinasema ni sisi.

#14 Mwangi wa Thika Road
Box iko Nairobi pia, Chuo Kikuu cha Nairobi, hosteli ya wanawake upande wa State House Road. Kwa hivyo hata hiyo mmeiba wapi kati yenu? Sisi tuliosoma Kenyatta University (KU) hatuna mlima wala kilima, chuo chetu kilikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks, wakakabidhi 1965. Tungeitwa Kambini.

#15 Kibatari
Hoja ya #13 ndio inamaliza mjadala. The Hill ilitoka Makerere, ikaja Dar, ikatafsiriwa. Tufunge uzi.

#16 Pembetatu
Hatufungi uzi, #15 subiri kwanza. Mmesahau jirani aliyekuwepo pale kabla ya UDSM.

Mimi nimesoma Chuo Kikuu Ardhi. Chuo chetu kilianza 1956 kama shule ya kufundisha wapima ardhi kule Mgulani, na 1958 kikahamia pale kilipo sasa, kwenye kilima kilekile. Miaka sita KABLA ya UDSM kuja. Ndio maana mpaka leo eneo linaitwa Savei (survey, yaani upimaji), makonda wanasema "Savei, Ardhi, Chuo". Sasa jiulizeni kazi ya mpima ardhi ni nini. Unaweka teodolaiti sehemu ya juu, unasoma pembe za alama za mbali. Kitendo hicho kwa lugha ya kazi kinaitwa observation. Pointi nzuri ya kufanyia hivyo inatafutwa mahali ambapo hakuna kitu kinakuzuia kuona, na kilima kile kwa Dar ya miaka ya hamsini kilikuwa mahali hasa.

Kwahiyo mimi naona hata Observation Hill ni jina la wapimaji, na waliokuwa wanapanda na kushuka kile kilima kila siku na vyuma begani wakati hakuna basi wala lami walikuwa vijana wa upimaji. Hao wakisema mlima wana haki, wewe bebea tripodi ya mbao uone kama utaita kilima.

#17 Scania 113
#16 hapo umegonga. Mlima unapimwa kwa mzigo uliobeba.

#18 Kapteni Kigamboni
#16 hoja nzuri lakini mimi nilivyosikia kwa wazee wangu ni habari ya jeshi. Kilima kile kinatazama baharini, Kunduchi mpaka Msasani, na wakati wa vita wakoloni lazima waweke watu wa kuangalia meli. Observation ni kuangalia adui. Miji mingi ya pwani ina kilima cha namna hiyo. Wapimaji wamekuja baadaye wakakuta jina lipo.

#19 Pembetatu
Kapteni, kutoka pale mpaka baharini ni kilomita kadhaa na miti yote ile ya wakati ule. Kama ni kuangalia meli ungekaa Oysterbay ukanywa na dafu.

#20 Kapteni Kigamboni
Darubini mkuu. Na Oysterbay huwezi kuona meli ya mbali kwa sababu uko chini, mabaharia wanalijua hili. Ukiwa juu upeo unasogea mbali. Nimekaa kwenye meli nakuambia.

#21 Sikinde Damudamu
Nyie mnatafuta kwenye teodolaiti wakati jibu liko kwenye muziki. Nani alilieneza jina Mlimani nchi nzima? Redio! Mwaka 1978 imezaliwa bendi ya Mlimani Park Orchestra, ndiyo hiyo Sikinde ngoma ya ukae, kwenye baa ya Mlimani Park huku njia ya Chuo. Muhiddin Gurumo, Bitchuka, Cosmas Chidumule, King Michael Enoch anapanga vyombo. Redio Tanzania inapiga usiku mtu yuko Kigoma anasikia "Mlimani Park". Huyo wa Tunduma aliyetajwa na #1 hajalisikia jina kwa maprofesa, kalisikia kwa Sikinde.

#22 Msondo Ngoma Baba ya Muziki
Sikinde mnajipa sifa hata kwenye vyuo vikuu? Bendi imepewa jina la baa, baa imepewa jina la eneo, eneo limepewa jina la chuo. Mmekaa mwisho wa foleni mnasema nyie ndio wa kwanza. Na Gurumo mwenyewe alitokea kwetu bendi ya Msondo.

#23 Sikinde Damudamu
Alitokea kwenu kwa sababu kwenu palikuwa hapakaliki. Na sijasema tumelizaa jina nimesema tumelieneza, soma taratibu.

#24 Bandidu wa Tandale
Jamani Sikinde na Msondo wana uzi wao, huo una kurasa mia. Turudini Mlimani.

#25 Mama Kijacho
Habari zenu. Nimesoma kuanzia juu na nataka kumjibu kaka #1 kwa sababu hoja yake kuu ni kwamba majirani ndio waliotoa jina.

Marehemu baba yangu alikuwa mpishi kwenye kafeteria ya Chuo tangu miaka ya sabini, sisi tumekulia Changanyikeni. Baba alikuwa anatoka alfajiri, na nyumbani kwetu tulisema "baba kaenda Chuo". Mama alikuwa anauza maandazi Hall 2, alisema "napeleka Chuo". Tukiumwa tulipelekwa zahanati ya Chuo. Maji yakikatika tulifuata bomba la Chuo. Sijawahi kusikia mtu wa Changanyikeni, Msewe, Makongo wala Ubungo wa zamani akisema naenda Mlimani. Sisi tuliokuwa chini yake tulisema Chuo, na mpaka leo ukipanda daladala konda anasema Chuo. Neno Mlimani mimi nimelisikia kwa wanafunzi wenyewe na kwa ndugu zetu waliokuja kututembelea kutoka mjini, wao ndio walisema "mnakaa kule mlimani". Kwahiyo jirani sio aliyetoa jina. Jirani hahitaji jina la utani, kwake kipo chuo kimoja tu.

#26 Nyundo ya Fundi
#25 hili ni bandiko la uzi huu. Mtoto wa Msewe jibu hapo, wewe si jirani pia?

#27 Mtoto wa Msewe
Dada #25 pole kwa baba, Mungu amrehemu. Sasa umenipa nusu na umenichukulia nusu. Kweli hata sisi Msewe tulisema Chuo. Lakini umesema mwenyewe ndugu wa mjini waliita mlimani. Hao ndio watu wangu, Kariakoo, Ilala, Temeke, waliokuwa wanaona mbali. #8 naye kasema umbali na urefu. Kwahiyo jina limetoka nje ya chuo, ni nje ya mbali tu badala ya nje ya karibu.

#28 Kofia ya Kiua
Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Mnaongelea kilima cha udongo wakati jina hili lina siasa ndani yake.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu wakipinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakiwa huko. Waliandamana wamevaa majoho yao. Kuna bango lilisema hata wakoloni walikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza, halafu akawafukuza wote, karibu watu 400, na palepale akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 kwa sababu walimwambia viongozi wanalipwa sana. Miezi mitatu baadaye, Azimio la Arusha.

Mimi nilikuwa kijana mdogo mjini na nakumbuka watu walivyoongea. Kulikuwa na hasira. Mwalimu alikuwa ameshasema kabla ya hapo kwamba msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada, na asiporudi ni msaliti. Baada ya maandamano yale watu walipokuwa wanasema "hao wa mlimani" hawakuwa wanaelekeza njia. Walikuwa wanasema hao waliojiweka juu. Utasema mtu "yuko kilimani" kumaanisha anajiona? Haliumi. "Wa mlimani" linauma.

#29 Wakili Mnyonge
Mzee #28 hii ni hoja nzito kuliko zote mpaka sasa na mimi naielewa, lakini ina upande wa pili. Kizazi kilichokuja baada ya 1966 kiligeuza. Mwanahistoria Walter Rodney anafundisha pale, Museveni mwanafunzi, wanafunzi wanatoa jarida lao la Cheche mpaka likapigwa marufuku 1970. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi Akivaga, Mkenya, alikamatwa na kurudishwa kwao, wanafunzi wakasusia kwa ajili yake. Machi 1978 wakaandamana tena, safari hii WANAPINGA wabunge na mawaziri kujiongezea marupurupu, wakafukuzwa kwa mamia. Hao walikuwa wanashuka mlimani kwenda kwa wananchi. Kwahiyo Mlimani wakalivaa kwa fahari. Mimi nimesoma pale na hatukuwahi kulisikia kama tusi. Kwetu lilimaanisha mahali ambapo watu wanasema kweli bila kuogopa.

#30 Mchunga Kondoo wa Bwana
Bwana asifiwe. Musa alipewa sheria mlimani. Kitivo cha kwanza kilikuwa cha Sheria kama mzee #8 alivyosema. Tafakarini.

#31 Wakili Mnyonge
Mtumishi, kitivo cha Sheria kilikuwa Lumumba kwanza 😂 Musa angepewa amri zake Mnazi Mmoja.

#32 Mbuzi wa Mazimbu
Kama jina ni la mlima basi sisi wa SUA, chuo cha kilimo cha Morogoro, tunadai fidia. Sisi tumelala miguuni pa Uluguru, mlima wa kweli wenye mawingu na maporomoko, na hakuna aliyetuita Mlimani. Tulikuwa kitivo cha kilimo cha UDSM, 1984 tukapewa jina la Sokoine miezi michache baada ya ajali yake pale Dakawa. Wenzetu wa Mzumbe mpaka leo wazee wa Moro wanawaita IDM, chuo kilishabadilishwa jina zamani.

#33 Chimwaga Original
UDOM tupo. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na chuo kiko juu ya vilima vya Chimwaga. Kwa vipimo Mlimani ni sisi, Dar ni Bondeni.

#34 Bandidu wa Tandale
#33 mmeanza 2007 mnataka jina la 1964. Kaeni na Chimwaga yenu, mbona ni jina zuri, Mkapa aliteuliwa kugombea urais humo 1995 kabla hata hamjawa chuo.

#35 Mzee wa Hall 5
Nimechelewa. Nimesoma pale miaka ya themanini na nataka kuongeza kitu ambacho vijana hawakijui. Majina ya pale mengi yaliandikwa ukutani usiku na mtu asiyejulikana, Mzee Punch. Asubuhi mnakuta katuni na maneno, nani kafanya nini, nani kapewa jina gani. Ukishapewa jina na Mzee Punch umekwisha, unaondoka nalo mpaka kazini. Mwanzoni, kwa walivyosimulia waliotutangulia, alikuwa anawachapa wakubwa na wanafunzi waliojisahau, baadaye yakageuka kuwaumiza wasichana, na 1990 binti mmoja akapoteza maisha baada ya kunyanyaswa, ndipo Punch akapigwa marufuku. Ilikuwa ni aibu yetu kubwa na mpaka leo inaniuma kwamba tulikuwa tunapita tunasoma na kucheka.

Ninachotaka kusema, ukutani The Hill na Mlimani vyote nimeviona vimeandikwa, kwa mkono wa wanafunzi. Kiingereza kwa mambo ya kujivuna, Kiswahili kwa mambo ya kuchomana. Anayesema wanafunzi hawakuwa na Kiswahili cha utani hajakaa Hall 5.

#36 Bint Kilimani
Mzee #35 Allah ampe pepo binti huyo. Ahsante kwa kulisema. Na umetupa nguvu sisi tuliosema jina limetoka ndani.

#37 Mtoto wa Msewe
Mzee #35 shikamoo. Hiyo ya Kiswahili kwa kuchomana naiweka pembeni ya ile ya mzee #28, zinaongea lugha moja. Lakini miaka ya themanini jina lilishakuwa na miaka ishirini, ukuta wa Punch ulilikuta njiani.

#38 Pesa Mbili
Wadau ambao hamjafika pale, noti ya 500 yenye picha ya Karume, geuza nyuma, lile jengo ni Nkrumah Hall. Ilipokuja sarafu ya 500 mwaka 2014 noti ikaanza kupotea. Mimi nimebaki nayo moja, nikiona watoto wa shule nawaonyesha.

#39 Bodaboda Graduate
Mnaongelea historia, leo jina limeshahamia kwingine. Mlimani City ilifunguliwa 2006 kwenye ardhi ya Chuo, na sasa ukimwambia bodaboda wa Mwenge "nipeleke Mlimani" anakushusha mlango wa maduka. Kila Oktoba nabeba watoto wa mwaka wa kwanza wametoka mikoani na mabegi, wamelipa hela kwenda Mlimani, wamejikuta wanaangalia viatu kwenye kioo. Mimi kabla sijawasha pikipiki nauliza, Mlimani ya kusoma au ya kununua?

#40 Kibatari
#39 😂😂 lakini hilo ni kweli kabisa. Na chuo chenyewe kimeshalikubali jina, redio yao ni Mlimani, TV ni Mlimani, shule ya msingi pale ndani ni Mlimani. Jina la utani likishafika kwenye kibao cha shule ya msingi limekuwa rasmi.

#41 Pembetatu
#40 hiyo shule ya msingi ndio pa kuanzia. Daftari la kuandikisha wanafunzi wa kwanza litakuwa na jina la shule na mwaka. Kama lilikuwa Mlimani tangu siku ya kwanza, basi jina lilishakubaliwa na serikali mapema sana.

#42 Wakili Mnyonge
Daftari litatuambia mwaka halitatuambia nani. Kwa nani inabidi kurudi kwenye magazeti. Maktaba ya Chuo ina ile sehemu ya East Africana, magazeti ya zamani yapo. Ukichukua Ngurumo na Uhuru za Oktoba 1966, wiki ile ya maandamano, uone waandishi wa Kiswahili waliwaita nini wale vijana. Wakiwa wameandika "wanafunzi wa Mlimani" basi jina lilishakuwa mjini ndani ya miaka miwili. Wakiwa wameandika "Chuo Kikuu" tu mwanzo mpaka mwisho, hoja ya mzee #28 inabidi itafute mwaka mwingine.

#43 Kofia ya Kiua
Nenda mwanangu. Na ukiwa hapo angalia na 1964, mwezi waliohamia. Ngurumo ndio gazeti lililoandika Kiswahili cha mtaani hasa, Uhuru ilikuwa ya chama.

#44 Scania 113
Na mwenye picha ya basi la UDA la njia ile, kibao cha mbele kinasomeka, aiweke hapa. Naweka dau kilo ya kahawa ya Mbinga hakijaandikwa Kilimani.

#45 Wandegeya Boy
Mkipata gazeti la 1964 angalieni pia nani aliandika. Kama ni mtu aliyesoma Makerere mimi nadai kahawa hiyo.